Madumu ya sabuni yanapasuka ilhali MFI ya mzigo ni ile ile: tuongee mtawanyo wa uzito wa molekuli

Mpima Mnato

Wakuu, habari za jioni.

Jambo hili nimekaa nalo wiki tatu. Leo nimeona nilishushe hapa, maana humu wamo watu wa mashine, wa maabara na wanafunzi. Uzi ni mrefu, mniwie radhi.

Nipo kwenye karakana ya madumu upande wa Vingunguti. Tunapuliza madumu ya lita 5 na lita 20 kwa HDPE, ile polithini ngumu, na kazi yangu ni kupima mzigo wa malighafi unapoingia na bidhaa inapotoka. Mteja wetu mmoja, mama anayetengeneza sabuni ya maji Buguruni, alichukua madumu ya lita 5 kama kawaida yake. Wiki ya pili akapiga simu, na sauti tu ilinitosha kujua kuna balaa. Stoo yake imejaa povu, madumu ya safu ya chini yanavuja.

Nikaenda mwenyewe. Nikapindua dumu moja, nikalifuta kwa kitambaa. Kwenye kona ya chini, karibu na mshono, kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, sabuni inatoka taratibu kama jasho. Nikaukata ule ufa kwa kisu niuone ndani. Plastiki ikipasuka kwa kuvutwa huwa inakuwa nyeupe pembeni na inaacha nyuzinyuzi. Huu haukuwa na weupe wala nyuzi, umekatika laini kama umechorwa kwa wembe. Na madumu ya siku ile ile tuliyoyajaza maji pale karakanani yalikuwa mazima kabisa.

Nikarudi kwenye daftari. Mzigo ule ulitoka kwa muuzaji mpya. Cheti chake kilisema MFI 0.4, sawa na mzigo wetu wa siku zote, na mimi mwenyewe nilipoupima ulipofika nilipata 0.40. Wa zamani ulikuwa 0.41. Kwa wasiojua: MFI ni gramu za plastiki iliyoyeyuka zinazopita kwenye kitundu cha milimita 2.095 kwa dakika 10, ikisukumwa na uzito wa kilo 2.16 kwenye nyuzi joto 190. Kwa mzigo kama wetu, ukikata kila baada ya dakika nne unapata kipande cha gramu 0.16, urefu wake kama njiti ya kiberiti. Ndicho unachoweka kwenye mizani ndogo kama ya sonara, na juu ya hicho kijiti ndipo unapoamua hatima ya tani nzima.

Nilikuwa nimeshaonywa. Siku tulipoanza kuutumia ule mzigo, fundi wa mashine alinifuata akaniambia, "Kaka, huu mzigo mzito. Mota inakula umeme kuliko jana na mrija wa plastiki ya moto unashuka na ngozi ya papa, uso umekwaruzika." Nikamwonyesha daftari, nikamwambia namba ni ile ile. Namba ilikuwa ile ile kweli, lakini aliyekuwa sahihi ni yeye. Nimeshamwomba radhi na hapa narudia.

Baada ya Buguruni nikafanya kitu ambacho kiwango chenyewe cha upimaji kinakiruhusu na sisi huwa tunakiruka: nikapima tena kwa uzito wa kilo 21.6, yaani mara kumi. Mzigo wa zamani ukatoa 34. Mpya ukatoa 14.

Hebu tulieni hapo. Kama plastiki iliyoyeyuka ingekuwa na tabia ya asali, ukiongeza uzito mara kumi na mtiririko ungeongezeka mara kumi, basi. Mzigo mpya umeongezeka mara 35, wa zamani mara 83. Kwa uzito mdogo ni mapacha, kwa uzito mkubwa hawafanani hata kidogo. Tofauti hiyo ni mtawanyo: ndani ya mfuko minyororo, yaani molekuli ndefu za plastiki, haina urefu mmoja, na mifuko miwili yenye wastani sawa inaweza kuwa na watu tofauti kabisa ndani.

Nieleze kwa samaki. Nenda Feri alfajiri, jaza ndoo dagaa mia tatu na jodari mmoja. Ukigawa uzito wote kwa idadi ya vichwa, samaki wako wa wastani ni mdogo sana, kwa sababu dagaa wanashinda kwa kura. Sasa fumba macho, chovya kidole kwenye ndoo na uulize: nyama niliyoigusa ni ya samaki wa ukubwa gani? Mara nyingi umegusa jodari. Wastani wa kwanza ni wa kuhesabu vichwa, huandikwa Mn. Wa pili ni wa uzito, huandikwa Mw. Ukigawa Mw kwa Mn unapata kipimo cha mtawanyo. Kikiwa 1, ndoo nzima ni samaki wa saizi moja.

Kwa namba: chukua minyororo kumi, yote ina uzito wa 100,000. Mn ni 100,000 na Mw ni 100,000. Sasa chukua mitano ya 20,000 na mitano ya 180,000. Mn bado ni 100,000, ila Mw inakuwa 164,000. Halafu chukua tisa ya 20,000 na mmoja tu wa 820,000. Mn haijasogea, ni 100,000 ile ile, lakini Mw imefika 676,000. Mnyororo mmoja kati ya kumi umebeba karibu kila kitu.

Kwenye ujiuji wa plastiki anayetawala ni Mw. Ikishavuka urefu ambao minyororo inaanza kusokotana, mnato wake ukiwa umetulia hupanda kwa Mw kwa kipeo cha 3.4. Maana yake ukizidisha Mw mara mbili, mnato unapanda zaidi ya mara kumi.

Na sabuni inaingiaje? HDPE ikipoa hujipanga kwa matabaka magumu, na kati ya tabaka na tabaka kuna sehemu laini. Mnyororo mrefu unaweza kuanzia tabaka hili, ukavuka sehemu laini, ukazama tabaka la pili. Ni kama uzi wa fundi cherehani unaoshikanisha vitambaa viwili. Mnyororo mfupi hauvuki, unaishia humo humo. Sabuni haiyeyushi HDPE, lakini inapenya kwenye ile sehemu laini na kuisaidia minyororo kuteleza na kuchomoka. Penye nyuzi nyingi za kushona, dumu linastahimili. Penye chache, uzito wa madumu ya juu na muda vinatosha. Mzigo wangu wa zamani ulikuwa na mkia wa minyororo mirefu sana. Huu mpya ulikosa ule mkia, na MFI ya kilo 2.16 peke yake haikuweza kuniambia.

Karibuni. Nikikosea mahali nisahihishwe.

Fundi wa Chang'ombe

Mkuu, heshima kwako kwa kusema ukweli kuhusu fundi wako. Sisi tunaoshinda na mashine mara nyingi tunasikia kwa mkono kabla ya maabara.

Swali langu: kama mnato ni ule ule, kwa nini mota ihangaike? Huo umeme wa ziada unatoka wapi?

Mpima Mnato

Kaka, swali zuri. Ule mnato tuliopima kwa kilo 2.16 ni wa mwendo wa taratibu mno. Ndani ya skrubu yako na kwenye mdomo wa mashine plastiki inapita kwa kasi kubwa kuliko hapo. Minyororo mirefu ikikokotwa kwa kasi inajinyoosha kuelekea inakokwenda, inaacha kusokotana, na mnato unashuka. Mifupi nayo inakuwa kama mafuta katikati yao. Kwa hiyo mzigo wenye mtawanyo mpana unaonekana mzito ukiwa umetulia, lakini ukiukimbiza unalainika.

Wenye mtawanyo mwembamba haulainiki kiasi hicho. Ndiyo maana kwa kilo 21.6 ulitoa 14 tu badala ya 34, na mota inafanya kazi kwenye hali iliyo karibu na hiyo, si ile ya kilo 2.16. Ngozi ya papa ni kitu hicho hicho: shinikizo mdomoni limekuwa kubwa, ngozi ya nje inavutwa ghafla inapotoka na kuchanika vipande vidogo vidogo. Ukipandisha joto la mdomo kidogo au ukapunguza kasi inapungua, ila dumu litabaki na udhaifu wake.

Bi Kemia

Asante mleta uzi. Mfano wa Feri nitauchukua darasani.

Niongeze upande wa maabara, kwa sababu namba mbili za MFI zinaonyesha kivuli cha mtawanyo tu. Kuuona wenyewe, mnyororo kwa mnyororo, kuna kromatografia ya jeli, ambayo maabara zote huiita GPC. John Moore wa kampuni ya Dow aliitangaza mwaka 1964 kwa kutumia chembe za plastiki ya polistairini zenye matundu madogo. Miaka mitano kabla yake, Porath na Flodin wa Sweden walikuwa wameshafanya jambo kama hilo kwa protini ndani ya maji.

Kazi yake watu huielewa kinyume. Wengi hudhani ni chujio, kwamba vidogo vinapita na vikubwa vinabaki. Fikirieni Kariakoo siku ya Jumamosi. Lori linaingia kupitia Msimbazi, halina namna ya kuingia vichochoroni, linakwenda moja kwa moja na kutoka. Bodaboda inaingia kila kichochoro, inasimama, inarudi, inazunguka. Vyote vimeingia saa moja, lori limetoka kwanza. Ndani ya nguzo ya GPC, yaani bomba lililojaa zile chembe, minyororo mikubwa haiingii matunduni, inatoka mapema. Midogo inazurura ndani ya matundu, inatoka mwisho. Mwisho wa nguzo kuna kifaa kinachosoma kiasi kilichopita kila sekunde, na karatasini unapata kilima. Upana wa kilima ndio mtawanyo wenyewe.

Nilipokuwa nasoma shahada ya pili nilipima polistairini niliyoipika mwenyewe. Unapima miligramu chache, unaziyeyusha, unaacha usiku kucha bila kutikisa kwa nguvu, kwa sababu minyororo mirefu mno inaweza kukatika kwa mtikiso. Asubuhi unachuja kwa kichujio chenye matundu madogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Siku moja sindano ilikataa kusukumika. Nikaongeza nguvu, kichujio kikapasuka. Kumbe sehemu ya sampuli ilikuwa imeshikana kuwa utando usioyeyuka. Profesa wangu alinikataza kuandika namba yoyote ya sampuli ile, kwa sababu minyororo mikubwa kuliko yote ilikuwa imebaki kwenye kichujio, na kilima ambacho kingetoka kingekuwa cha waliobaki.

Tahadhari mbili kwa wanaoletewa ripoti za GPC. Ya kwanza: mashine haipimi uzito, inapima ukubwa wa mnyororo ukiwa umevimba kwenye kimiminika. Uzito unasomwa kwa kulinganisha na sampuli za polistairini zenye uzito unaojulikana. Polima nyingine yenye uzito ule ule huvimba tofauti, kwa hiyo namba inaweza kuwa mbali na ukweli. Mwaka 1967 Grubisic, Rempp na Benoit, wakiwa Strasbourg Ufaransa, walionyesha kwamba ukizidisha uzito wa molekuli kwa mnato wake wa asili, polima za aina nyingi zinaangukia kwenye mstari mmoja. Siku hizi vifaa vya kusoma mwanga unavyotawanywa na molekuli hutoa Mw bila kulinganisha na kitu. Ripoti ikikuonyesha namba bila kusema ilipatikanaje, uliza.

Ya pili ni mkia. Opereta ndiye anayeamua kilima kinaishia wapi. Akikata mkia wa upande wa minyororo midogo mapema kidogo, Mn inapanda na mtawanyo unaonekana mwembamba. Maabara mbili, sampuli moja, Mn mbili, na hakuna aliyedanganya.

Kwa polithini kama ya madumu kuna ugumu zaidi: haiyeyuki ndani ya kimiminika kwenye joto la kawaida. Nguzo nzima lazima ikae kwenye nyuzi kama 150, na kiyeyushio chake ni triklorobenzini. Mashine za namna hiyo ni ghali kuzitunza. Kwa karakana, namba mbili za MFI ni njia ya busara.

Mzee wa Mabomba

Vijana, nimesoma. Nimefunga mabomba miaka mingi, kuanzia ya chuma mpaka haya meusi ya rola. Nina pingamizi.

Mleta uzi anasema mtawanyo mpana ndio uliolinda madumu. Lakini malighafi nzuri ya bomba, ile ya PE100, nimewahi kuambiwa na mtu wa kiwandani kwamba imechanganywa minyororo mifupi sana na mirefu sana, makundi mawili. Sasa nikichukua kreti za soda zilizosagwa nikachanganya na vipande vya bomba la zamani, si nitakuwa nimepata makundi mawili? Mbona bomba la namna hiyo linapasuka ndani ya mwaka?

Mpima Mnato

Shikamoo mzee. Umegusa mahali ambapo maelezo yangu ya juu hayakutosha, na nashukuru.

PE100 kweli ina makundi mawili, lakini jambo kubwa ni nani amebeba matawi, yaani vipande vifupi vinavyoota ubavuni mwa mnyororo. Kiwandani mara nyingi wanatumia matanki mawili yanayofuatana. Kwenye moja wanaweka haidrojeni nyingi, na haidrojeni hukatisha mnyororo mapema, kwa hiyo wanapata mifupi, isiyo na matawi, inayojipanga vizuri na kulipa bomba ugumu wake. Kwenye lingine haidrojeni ni kidogo mno, na wanaingiza butini au heksini kidogo. Hapo wanapata mirefu yenye vijitawi. Vile vijitawi haviingii kwenye matabaka magumu, kwa hiyo mnyororo mrefu unalazimika kuvuka sehemu laini na kushona. Matawi yamewekwa kwenye minyororo mirefu kwa makusudi, pale pale yanapofaa. Ndiyo maana bomba la PE100 linapewa nguvu ya megapaskali 10 kwa hesabu ya miaka 50 kwenye nyuzi 20.

Kreti ya soda ni ya sindano, yaani plastiki iliyodungwa kwenye kalibu; minyororo yake ni mifupi na haikukusudiwa kukaa chini ya shinikizo la maji. Ukiichanganya na bomba kwenye mashine ndogo, makundi hayaingiani vizuri. Ukikata bomba hilo kipande chembamba ukakiinua kwenye jua utaona michirizi na vidoa. Kila kidoa ni mahali ufa unapoanzia. Viwanda navyo vinahangaika na vidoa hivi ingawa wanachanganya kwa mashine kubwa.

Kwa hiyo nisahihishe: namba mbili za MFI zinanionyesha upana. Hazinionyeshi matawi yako wapi, wala kama mchanganyiko umeiva. Ndiyo maana niliongeza kipimo cha sabuni, nitakieleza chini.

Mzee wa Mabomba

Marahaba. Michirizi hiyo naijua vizuri, nilikuwa sijui jina la ugonjwa. Endelea.

Kijana wa Mlimani

Wakuu shikamooni. Nasoma mwaka wa tatu. Darasani tunapewa fomula tu, hapa ndipo naona kazi yake. Naomba kuuliza: kiwandani wanaudhibitije huu mtawanyo tangu mwanzo? Na kwa nini wasitengeneze minyororo yote sawa, ratio ikawa 1, mambo yakaisha?

Bi Kemia

Mwanangu, ratio ya 1 si lazima iwe bora, na dumu la Buguruni ni ushahidi. Lakini njia zipo, na zinatofautiana kwa namna mnyororo unavyozaliwa na kufa.

Kuna polima zinazojengwa hatua kwa hatua, kama nailoni ya Wallace Carothers wa DuPont mwaka 1935. Kila molekuli inaweza kushikana na yoyote. Carothers aliacha hesabu fupi inayotisha: wastani wa viungo kwenye mnyororo ni 1 gawa kwa sehemu ambayo haijashikana. Mmenyuko ukifika asilimia 95, ambayo kwenye maabara ya shule tungepiga makofi, una viungo 20 tu. Hicho ni kitu kama nta. Asilimia 99 inakupa 100. Hiyo asilimia moja ya mwisho ndiyo inayotengeneza uzi wa kushonea. Na Paul Flory, aliyepata Nobel mwaka 1974, alionyesha kwamba kwa njia hii mtawanyo unasogea kuelekea 2, utake usitake. Ukitaka kusimamisha urefu mahali fulani, unazidisha kidogo upande mmoja wa malighafi au unaweka kizibo cha ncha.

Upande mwingine yuko Michael Szwarc, mwaka 1956. Alitengeneza minyororo isiyokufa. Yote inaanza karibu kwa wakati mmoja, kila mmoja unakula malighafi kwa zamu, na malighafi ikiisha inabaki hai inasubiri. Ukiongeza tena inaendelea kurefuka. Hapo ratio inaweza kufika 1.05 au chini. Urefu unaupanga kabla ya kuanza: gawa malighafi kwa idadi ya waanzishaji. Bei yake ni usafi. Tone la maji au hewa kidogo likiingia, baadhi ya minyororo inakufa njiani na kilima kinaota mkia. Zile sampuli za polistairini za kupimia GPC zimetengenezwa kwa njia hii. Miaka ya 1990 zikaja njia zinazovumilia zaidi, ATRP mwaka 1995 na RAFT ya Australia mwaka 1998, ambapo mnyororo unalazwa usingizi na kuamshwa mara nyingi ili usife mapema.

Polithini kama ya madumu ina njia yake, na mwenye mamlaka ni kichocheo. Kichocheo cha kromi, ambacho Hogan na Banks walikigundua mwaka 1951 pale kampuni ya Phillips, kina sehemu nyingi za kufanyia kazi zisizofanana, kila moja inazaa minyororo ya urefu wake. Mtawanyo unakuwa mpana sana, na mkia mrefu. Vya Ziegler, vilivyoanza 1953, kwa kawaida vinatoa mtawanyo wa wastani. Vya metalosini vina sehemu za aina moja tu, mtawanyo unakaribia 2. Kwa hiyo mleta uzi akikuambia mzigo wa zamani ulipanda mara 83 na mpya mara 35, mimi nadhani wa kwanza ni wa kromi na wa pili ni wa Ziegler, labda uliotengenezwa kwa ajili ya kamba na nyavu. Kwa kamba mtawanyo mwembamba ni sifa, kwa sababu uzi unavutika sawasawa bila kukatika. Ni mzigo mzuri uliopelekwa kwenye kazi isiyo yake.

Mpima Mnato

Dada, hilo la kamba limenifumbua macho. Mifuko haikuwa na jina la gredi, imeandikwa HDPE tu na uzito wa kilo 25. Muuzaji nilipombana alisema kwake HDPE ni HDPE.

Chupa Pugu Road

Habari za humu. Mimi ni wa chupa za maji, PET. Tunanunua kwa waokotaji, tunatoa vizibo na lebo, tunaosha, tunasaga kuwa chenga. Tumeanza kuyeyusha na kutoa punje. Masika hii punje zimekuwa kama biskuti, ukizigonga zinavunjika, ukiyeyusha inatiririka kama maji. Kiangazi hatukuwa na shida hii. Je, ni jambo hilo hilo la minyororo?

Bi Kemia

Ndiyo kaka, na kwa PET lina ukali wake, kwa sababu maji yenyewe ndiyo mkasi. PET ilijengwa hatua kwa hatua kwa kutoa maji, na ikiyeyuka pamoja na maji mmenyuko unarudi nyuma. Molekuli moja ya maji inakata mnyororo mmoja.

Fanya hesabu hii kwa kilo moja. Chukua PET ya chupa yenye Mn ya 24,000. Kilo moja ina moli 0.042 za minyororo (moli ni kipimo cha kuhesabia molekuli). Sasa chenga zako zimeloweshwa na hewa ya masika, zina maji asilimia 0.1, yaani gramu moja ndani ya kilo. Gramu moja ya maji ni moli 0.056. Mikasi ni mingi kuliko minyororo! Maji yote yakifanya kazi, Mn inashuka hadi kama 10,000. Ukikausha hadi asilimia 0.005, inashuka hadi 22,500 tu, ambayo unaweza kuishi nayo.

Kukausha maana yake si kuanika juani. Chenga zilizokauka mkononi bado zina maji ndani. Inatakiwa hewa kavu ya moto, nyuzi kama 160 hadi 170, saa nne hadi sita, na zitoke hapo zikiingia kwenye mashine moja kwa moja. Ukizimwaga sakafuni zipoe usiku mzima, zinanyonya unyevu upya.

Fundi wa Chang'ombe

Nilikuwa nadhani PET ya kuokota imechoka tu. Kumbe tunaikata wenyewe kwenye mashine.

Chupa Pugu Road

Dada umeniponya. Sisi tunaanika kwenye turubai. Je, punje zilizokwishakatika minyororo zinarudi?

Bi Kemia

Zinaweza. Viwanda vikubwa huzipasha punje chini ya kiwango cha kuyeyuka, kama nyuzi 200 na kidogo, kwa saa nyingi, ndani ya naitrojeni au ombwe. Ncha zinashikana tena na maji yanatolewa. Kwenye karakana ndogo ni vigumu. Kuna pia dawa za kuunganisha ncha, lakini ukizidisha minyororo inaota matawi na kushikana kuwa utando, ule ule uliopasua kichujio changu. Anza na kukausha.

Mpima Mnato

Nirudi kwenye kipimo cha sabuni nilichoahidi, maana nimeulizwa pembeni na wengi.

Kipimo chenyewe ni cha zamani, kilitoka maabara za Bell za Marekani, walipokuwa wanahangaika na nyaya za simu zilizofunikwa kwa polithini. Unakata vipande kumi vya milimita 38 kwa 13, unavichora mkato katikati kwa wembe, unavikunja kama herufi U, unavibana kwenye kishikio, unavizamisha kwenye sabuni ya moto nyuzi 50. Unahesabu saa hadi nusu yao vipasuke. Kiwango rasmi kinataja sabuni yake maalumu na unene wa kipande. Mimi sikuwa navyo. Nilitumia sabuni ya yule mama wa Buguruni, vipande vya ukuta wa dumu, reli ya aluminiamu ya dirisha kama kishikio, na sufuria yenye kidhibiti joto. Kwa hiyo siwezi kulinganisha namba zangu na cheti cha mtu yeyote. Naweza kulinganisha mzigo na mzigo tu, na hilo ndilo nililohitaji.

Kina cha mkato ndicho kinachosumbua. Mara ya kwanza nilichora kwa mkono, vipande vya mzigo mmoja vikapasuka kwa saa zilizopishana mno. Nikafunga wembe kwenye kipande cha mbao ili utokeze kiasi kile kile kila mara, matokeo yakatulia. Mzigo mpya ulivuka nusu ya vipande ndani ya usiku wa kwanza tu, nilipofika asubuhi vipande saba vilikuwa na ufa. Wa zamani hadi siku ya nne hakuna hata kimoja, nikasimamisha kwa sababu sufuria ilihitajika.

Tumembadilishia yule mama madumu yote na hasara ya sabuni tumegawana. Mzigo uliobaki hatujautupa, tunapuliza vyombo vya vitu vikavu ambavyo sabuni haitavigusa. Na fomu yetu ya kuagiza sasa ina mistari miwili: MFI kwa kilo 2.16 na kwa kilo 21.6. Muuzaji mmoja alikataa kuijaza. Wa pili alituma namba zote mbili siku ile ile, na jina la gredi.

Mzee wa Mabomba

Kijana, nina mita moja ya bomba la inchi mbili lililopasuka Tabata mwezi uliopita, na kipande cha bomba zima la mzigo mwingine. Ukiwa na nafasi kwenye hiyo sufuria yako nitaleta.

Mpima Mnato

Leta mzee wangu. Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi nipo. Yaandike kwa kalamu ya wino mzito lipi ni lipi, na usiyafute, hata matope yaache hivyo hivyo. Chupa Pugu Road, na wewe kama unakuja na punje zako, ziweke kwenye chupa yenye kizibo zikiwa bado za moto.